Karatasi kutoka London: tuelewane kuhusu loji za kwanza za frimasoni Marekani

Tarehe 4 Novemba 1752, kwenye mji mdogo wa Fredericksburg kule Virginia, kijana mmoja wa miaka 20 aliingizwa frimasoni na daftari la loji linaonyesha alilipa kiingilio pauni 2 na shilingi 3. Kijana huyo ni George Washington. Hiyo sehemu wengi wanaijua. Ambacho hakisemwi sana ni kwamba loji iliyomwingiza siku ile haikuwa na hati yoyote, yani kwa lugha yetu ni chama ambacho hakijasajiliwa, watu wamekutana wamekubaliana wakaanza, na hati yao waliipata 1758 kutoka Scotland, miaka karibu sita baadaye. Washington alishakuwa mwanachama kamili zamani.

Mimi nilipoanza kufuatilia historia hii nilikwama hapo hapo kwenye hilo jambo la hati, na kadri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba ukiifuata karatasi, nani anayo, nani kamnyima mwenzake, nani ameipata wapi, basi mambo mengi yanayochanganya watu kuhusu frimasoni wa mwanzo Marekani yanafunguka yenyewe. Kwetu neno hili likitajwa mtu anawaza pete, kafara, utajiri wa ghafla, na vile vibandiko kwenye nguzo za umeme vyenye namba ya simu. Upande wa pili kuna zile video za kusema Marekani nzima ilijengwa kwa mpango wa siri wa frimasoni. Sasa madaftari yao mengi yapo mpaka leo, risiti zipo, barua zipo, na kinachosimuliwa humo ni watu wa kawaida sana wanagombania heshima na ruhusa.

Tuanze na neno. Loji hapa sio ya kulala wageni, ni tawi, kikundi cha wanachama wanaokutana pamoja. Asili yake ni vyama vya waashi wa mawe wa Uingereza na Scotland, wale mafundi waliojenga makanisa makubwa na ngome, walikuwa na kibanda chao cha kazi pale saiti na alama zao za kutambuana ili asije mtu ambaye hajafundishwa akadai mshahara wa fundi. Taratibu watu wasiojua hata kushika nyundo wakaanza kuingia, mabwana, wasomi, wafanyabiashara, wakachukua vifaa vya ujenzi kama bikari na pembe mraba wakavifanya mifano ya tabia njema. Simulizi yao wenyewe inasema mwaka 1717 loji nne za London zilikutana kwenye baa iliyoitwa Goose and Gridiron karibu na kanisa la St Paul's zikaunda Loji Kuu, na mwaka 1723 kikatoka kitabu cha kanuni kilichoandikwa na mchungaji James Anderson. Ngazi zikawa tatu, mwanagenzi, fundi, na fundi mkuu.

Hapo ndipo karatasi inaingia. Baada ya kuwepo Loji Kuu, ikaanza hoja kwamba loji halali ni ile iliyopewa hati na Loji Kuu, nyingine yoyote ni ya kienyeji, haitambuliki, watu wake hawawezi kutembelea loji nyingine na kuitwa ndugu. Kitabu cha Anderson pia kilisema mwanachama awe mwanaume aliyezaliwa huru, sio mtumwa, sio mwanamke. Hilo neno "aliyezaliwa huru" likumbuke, tutarudi kwake.

Marekani wakati huo ni makoloni ya Uingereza yaliyopangana kando ya bahari ya Atlantiki. Frimasoni walifika kabla ya loji, mmoja mmoja, kama John Skene wa loji ya Aberdeen aliyehamia New Jersey 1682, au Jonathan Belcher mzaliwa wa Boston aliyeingizwa London 1704 na baadaye akawa gavana wa Massachusetts. Mwaka 1730 Loji Kuu ya London ilimteua Daniel Coxe awe mkuu wa frimasoni kwa New York, New Jersey na Pennsylvania, karatasi ilikuwepo ila hakuna alama kwamba aliifanyia kazi ya maana. Wakati huo huo Philadelphia watu walikuwa tayari wanakutana bila kumsubiri mtu. Tarehe 8 Desemba 1730 gazeti la mchapaji Benjamin Franklin liliandika kwamba kuna loji kadhaa katika jimbo lile, na Franklin mwenyewe hakuwa hata mwanachama, aliingia mwaka uliofuata 1731. Daftari la loji yake ya St. John's linaanza Juni 1731 na lipo, ni kitabu cha hesabu tu, nani kalipa, nani anadaiwa.

Franklin alipanda haraka. Mwaka 1734 alikuwa mkuu wa frimasoni wa Pennsylvania, na mwaka huo huo akachapa upya kitabu cha Anderson, kikawa kitabu cha kwanza cha kifrimasoni kuchapwa Marekani. Sasa angalia huyu mtu ana cheo, ana kitabu, ana mtambo wa kuchapia, na bado mwezi Novemba 1734 anakaa chini anaandika barua kwenda Boston kwa fundi cherehani mmoja anaitwa Henry Price, anaomba hati. Price alikuwa amepewa mamlaka na London 1733 na Julai mwaka huo akafungua loji Boston kwenye baa ya Bunch of Grapes. Kwenye barua ya pembeni Franklin anaeleza shida yenyewe, kwamba kuna watu wametoka nje wanataka kuanzisha loji pinzani Philadelphia, wanaingiza watu hovyo, na yeye hana cha kuwaonyesha kwamba wa kwao ndio halali. Yani mtu aliyekuja kuwa maarufu kuliko karibu wote katika makoloni anamwandikia mshona nguo kwa sababu mshona nguo ndiye mwenye karatasi! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa wale watu hati haikuwa pambo la ukutani, bila hiyo hata Franklin alikuwa sawa na yeyote aliyekusanya watu chumba cha jirani.

Usiku wa kikao ulikuwaje? Mara nyingi ni chumba cha juu cha baa, kwa sababu majengo yao wenyewe hayakuwepo, jengo la kwanza la frimasoni Marekani lilizinduliwa Philadelphia Juni 1755. Mlangoni anasimama mlinzi na upanga. Ndani mtu anachora chini sakafuni kwa chaki, nguzo mbili, ngazi, bikari, michoro ya kumfundishia mgeni, na kikao kikiisha wanaleta ndoo na kitambaa wanafuta sakafu ili mhudumu wa baa asikute kitu kesho asubuhi. Kumpokea mtu kunapigiwa kura kwa siri, mpira mweusi ni hapana. Wanavaa aproni za ngozi nyeupe, wanapewa glavu. Alafu meza inaandaliwa, chakula, pombe, nyimbo, glasi zinainuliwa kwa ajili ya mfalme na ndugu walio safarini. Hilo la ndugu walio safarini lilikuwa na uzito, bandarini kila mtu ni mgeni, hakuna kitambulisho, hakuna benki ya kumuuliza tabia ya mtu, kwa hiyo kapteni wa meli akifika Charleston au Boston na cheti cha loji yake ana pa kuanzia, kuna watu watamkopesha, watamzika akifa, watamsaidia mjane wake. Kwa mfanyabiashara hiyo ni mali. Kwa fundi wa kawaida ilikuwa zaidi ya mali, ilikuwa nafasi ya kukaa meza moja na mwanasheria akaitwa ndugu.

Ila tusiwapambe. Mwaka 1737 pale Philadelphia kijana mmoja anaitwa Daniel Rees, mwanagenzi wa daktari na muuza dawa Evan Jones, alitaka kuwa frimasoni. Jones na wenzake ambao hawakuwa frimasoni wakaamua kumfanyia sherehe ya uongo, wakamlisha kiapo cha kipuuzi, kisha siku nyingine kwenye chumba cha chini chenye giza wakawasha pombe kali kwenye bakuli, ikammwagikia ikiwaka, akafa kwa kuungua. Jones alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Franklin alijua habari za mzaha ule wa kwanza, na gazeti la mpinzani wake likamshukia kwamba alifurahia. Yeye akajitetea kwamba alichukizwa. Habari zikafika mpaka kwa wazazi wake Boston, watu wa dini, mama akaingiwa na wasiwasi, na Aprili 1738 Franklin akawaandikia kuwahakikishia kwamba frimasoni hawana mafundisho wala matendo yanayopingana na dini na mwenendo mwema. Hofu ya wazazi juu ya mtoto aliyeingia chama cha siri imekuwepo toka siku zile.

Sasa tunafika sehemu inayowachanganya watu kuliko zote, kwamba frimasoni hawakuwa chama kimoja. Mwaka 1751 kule London mafundi na vibarua, wengi wao Waairishi ambao loji za mabwana zilikuwa haziwapokei vizuri, waliunda Loji Kuu ya pili. Hawa wakajiita Wakale, na wale wa 1717 wakawabandika jina la Wasasa, yani ninyi mmeharibu mambo, mmebadilisha maneno ya siri, mmepunguza sala, sisi ndio tunafuata desturi ya zamani. Ajabu ni kwamba Wakale ndio walioanzishwa baadaye! Lakini jina likashika. Chini ya ubishi wa maneno ya siri kulikuwa na ubishi wa tabaka, mabwana upande huu, mafundi upande ule, na mgogoro ukapanda meli ukafika Marekani.

Boston ndio inaonyesha vizuri. Loji ya zamani ya Price ilikuwa imejaa wafanyabiashara wakubwa na wanasheria. Kikundi kingine cha watu wa kazi za mikono na manahodha wakaomba hati yao Scotland, ikatolewa na tarehe ya 1756, ikafika 1760, wakaitwa Loji ya St Andrew. Upande wa mabwana ukapiga marufuku watu wake kuwatembelea. Humo ndani ya St Andrew akaingia fundi wa fedha Paul Revere Septemba 1760, akaingia daktari kijana Joseph Warren mwaka uliofuata, na John Hancock, tajiri kijana ambaye alikuwa ameingizwa Quebec. Mwaka 1764 wakanunua baa ya Green Dragon wakaanza kukutana kwao wenyewe. Revere alikuwa anawachongea mabamba ya shaba ya kuchapia vyeti na mialiko, mkono ule ule uliochonga ile picha maarufu ya mauaji ya Boston, ambayo tutayafikia.

Na kuna kitu hapa nataka ukitazame kwa karibu. Mwaka 1769 St Andrew walitaka kuwa na Loji Kuu yao ya Kikale Massachusetts ili walingane na wale mabwana, ila loji moja haiwezi kujifanya Loji Kuu, inahitaji wenzake. Wenzao waliwapata wapi? Kwenye jeshi la mfalme. Vikosi vya Uingereza vilitembea na loji zao, hati inabebwa kwenye sanduku la kikosi, na wakati ule askari walikuwa wamejaa Boston kuwanyamazisha wakazi. St Andrew wakaungana na loji za vikosi hivyo, kimojawapo kikosi cha 29, wakaandika Scotland, na Desemba 27, 1769 Joseph Warren akasimikwa kuwa Mkuu. Miezi miwili na siku chache baadaye, Machi 5, 1770, askari wa kikosi hicho hicho cha 29 wakafyatua risasi barabara ya King wakaua raia watano. Warren akawa miongoni mwa wanaopiga kelele dhidi ya jeshi kuliko wote. Mtu anayesema frimasoni walipanga mapinduzi, yani makoloni kumwasi mfalme wa Uingereza, inabidi akae na jambo hili kwanza, kwamba cheo cha Warren kilipatikana kwa saini za ndugu zake waliovaa koti jekundu la jeshi la mfalme.

Vipi kuhusu chai? Usiku wa Desemba 16, 1773 watu wa Boston waliokuwa wanapinga kodi ya Uingereza kwenye chai walimwaga makasha 342 baharini, na watu wanasema wale jamaa walitokea moja kwa moja kwenye kikao cha loji Green Dragon. Daftari la St Andrew lipo. Novemba 30 waliandika kwamba waliohudhuria ni wachache kwa sababu wale wafanyabiashara waliotumiwa chai wamewachukulia ndugu muda wao. Desemba 16 wakaandika tena loji imefungwa kwa uchache wa watu mpaka kesho jioni, na waliokuwepo walikuwa watano. Ni wazi baadhi ya wanachama walikuwa bandarini. Lakini walikwenda kama watu wa Boston waliokuwa kwenye vikundi vingine vya kisiasa, na jengo la Green Dragon lilikuwa linatumiwa na vikundi hivyo pia, chumba kimoja shughuli nyingi, kama ukumbi wa mtaani unaofanyiwa harusi Jumamosi na mkutano wa chama Jumapili. Loji yenyewe kama loji siku hiyo haikuwa na akidi ya kufanya chochote.

Ukitoka Boston picha inazidi kuvunjika vipande. Franklin na mwanae William wote ni frimasoni, baba akawa nguzo ya mapinduzi, mtoto akiwa gavana wa mfalme New Jersey akabaki na mfalme mpaka akafungwa, na hawakupatana tena kweli mpaka mzee anakufa. Mkuu wa frimasoni New York, Sir John Johnson, alikimbilia Canada akapigana upande wa mfalme. Joseph Brant kiongozi wa Wamohawk aliingizwa London 1776 akarudi kupigana na wakoloni walioasi. Benedict Arnold, msaliti mkubwa kwenye historia yao, alikuwa frimasoni wa New Haven. Hata kabla ya vita, ile kesi maarufu ya Februari 1761 Boston kuhusu hati za kupekua nyumba za watu, aliyesimama kutetea serikali Jeremy Gridley na aliyempinga James Otis wote walikuwa ndugu wa chama kimoja. Katika watu 56 waliosaini Azimio la Uhuru wenye ushahidi mzuri wa ufrimasoni ni kama tisa hivi, kwenye Katiba ni 13 kati ya 39. Jefferson hakuwa, John Adams hakuwa. Na lile jicho kwenye noti ya dola limetoka kwenye nembo ya taifa ya 1782, waliokamilisha mchoro ule, Charles Thomson na William Barton, hawakuwa frimasoni, na kwenye noti liliwekwa 1935.

Washington mwenyewe, mbona aliapa urais Aprili 30, 1789 akiwa ameshika Biblia ya loji ya New York, na aliyemwapisha Robert Livingston alikuwa mkuu wa frimasoni wa jimbo hilo, na 1793 akaweka jiwe la msingi la Bunge akiwa amevaa aproni? Ndio, yote kweli, na yalifanyika mchana kweupe mbele ya watu. Ila mwaka 1798 alimwandikia mchungaji mmoja kwamba katika miaka 30 hakuwa amekanyaga loji zaidi ya mara moja au mbili, kauli ambayo ukiweka na sherehe zake hesabu haikai sawasawa, lakini inakwambia uzito aliokuwa anaupa. Nadhani frimasoni walimpa taifa changa kitu ambacho lilikuwa halina, namna ya kufanya sherehe bila mfalme na bila askofu. Hilo sio dogo, lakini sio njama.

Turudi kwenye karatasi, manake vita vilileta swali gumu. Juni 17, 1775 Warren aliuawa kwenye mapigano ya Bunker Hill, akazikwa na Waingereza kwenye shimo, na mwaka uliofuata walipoondoka ndugu zake wakamfukua, Revere akamtambua kwa jino la bandia alilomfungia yeye mwenyewe kwa waya. Walipomaliza kumlilia wakajikuta na tatizo la kisheria, mamlaka ya Loji Kuu ilikuwa imeandikwa kwa jina la Warren kutoka Scotland, sasa mwenye jina kafa, je Loji Kuu bado ipo? Na huwezi kuandika barua Scotland katikati ya vita. Machi 8, 1777 wakaamua kuchagua mkuu wao wenyewe, Joseph Webb, bila kuomba mtu ng'ambo. Virginia wakafuata 1778. Ni hoja ile ile ya Azimio la Uhuru imeshuka mpaka kwenye chumba cha baa, kwamba mamlaka yanatoka kwa waliopo hapa. Lakini sio wote walikubali, na hapa nawaheshimu kwa ukaidi wao, Loji ya St Andrew yenyewe, loji ya Warren na Revere na wa chai, ilikataa kuiacha hati ya Scotland na ikaendelea kuhesabika chini ya Scotland mpaka 1809. Desemba 1779 kambini Morristown wanajeshi frimasoni walipendekeza awepo mkuu mmoja wa nchi nzima na jicho lilikuwa kwa Washington, majimbo hayakuelewana, ikafa. Mpaka leo kila jimbo la Marekani lina Loji Kuu yake.

Na sasa kuna mtu mmoja aliyeyachukua maneno ya chama hiki kwa uzito kuliko wote niliowataja. Anaitwa Prince Hall, mtu mweusi wa Boston, fundi wa ngozi, aliyekuwa mtumwa wa bwana mmoja mtengeneza ngozi na akapewa cheti cha uhuru Aprili 1770. Machi 6, 1775, wiki chache kabla vita havijaanza, yeye na wenzake weusi 14 waliingizwa frimasoni. Aliyewaingiza hakuwa mpigania uhuru yeyote wa Boston. Ilikuwa loji ya Kiairishi namba 441 ndani ya kikosi cha 38 cha jeshi la mfalme, chini ya sajini John Batt. Na St Andrew ilikuwa mji ule ule.

Kikosi kilipoondoka Machi 1776 waliwaachia ruhusa ya nusu tu, wakutane, waandamane sikukuu ya Mtakatifu Yohana, wazike wafu wao kwa heshima, ila kuingiza mwanachama mpya hapana. Wakaishi hivyo miaka. Katika miaka hiyo Hall hakukaa kimya, Januari 1777 alikuwa mmoja wa watu weusi waliopeleka ombi kwa bunge la Massachusetts watumwa waachiwe, wakitumia hoja zile zile za haki ya asili ambazo wazungu walikuwa wanazitumia kwa mfalme. Mwaka huo huo alilitengenezea jeshi la mapinduzi ngozi za ngoma. Vita vimekwisha, wazungu wa Boston hawakumpa hati. Mchungaji mmoja wa mji huo aliandika 1795 bila kuzunguka kwamba ukweli ni kuwa wanaona aibu kuwa sawa na watu weusi.

Kwa hiyo Machi 1784 Hall akaandika London. Hati ikasainiwa Septemba 29, 1784, namba 459, African Lodge, na ikamfikia mkononi Aprili 29, 1787, imeletwa na James Scott, kapteni aliyekuwa akiendesha meli za John Hancock. Hebu iwaze asubuhi hiyo, karatasi yenye muhuri wa Loji Kuu ya kwanza kabisa, ile ambayo Franklin na cheo chake alikuwa anaitafuta kwa barua kwa fundi cherehani, iko mikononi mwa mtu aliyewahi kumilikiwa, na baadhi ya loji za wazungu mji ule ule zilikuwa zimeshajikatia kamba na ng'ambo zinajitegemea zenyewe.

Haikuwa ya kutundika. Februari 1788 watu weusi watatu walio huru walidanganywa wakapandishwa meli Boston kwamba kuna kazi, wakapelekwa visiwa vya Karibi kuuzwa. Hall na wenzake wa loji wakaandika ombi bungeni, mmoja wa waliotekwa alikuwa ndugu yao. Machi mwaka huo Massachusetts ikapitisha sheria ya kukataza biashara ya watumwa. Gavana Hancock akaandika barua kwa magavana wa visiwa. Na barua za wakati ule zinasimulia kwamba yule mateka frimasoni alipoletwa mbele ya mfanyabiashara wa kumnunua alitoa ishara, mfanyabiashara naye alikuwa frimasoni, akaelewa. Wote watatu walirudi Boston hai. Ile faida ya zamani ya bandarini, ndugu aliye safarini, hapa ilimaanisha kuuzwa au kutouzwa.

Juni 1797 Hall akihutubia loji yake aliwakumbusha matusi na vipigo walivyokuwa wanavipata kwenye mitaa ya Boston, akawaambia wavumilie, kisha akawatajia ndugu zao wa visiwa vya Wafaransa ambao miaka sita kabla walikuwa chini ya mjeledi na sasa mambo yamegeuka. Alikuwa anasema Haiti. Mwaka huo African Lodge ikatoa ruhusa ya kuanzishwa loji Philadelphia, humo wamo Absalom Jones na Richard Allen, waasisi wa makanisa ya watu weusi. Hall alikufa Desemba 1807.

Baadaye Wakale na Wasasa wa Uingereza wakaungana 1813, na kwenye orodha mpya African Lodge haikuwemo, ikafutwa na loji nyingine za ng'ambo. Mwaka 1827 watu wa Hall wakatangaza kwamba wanajitegemea. Walifanya jambo lile lile Webb na wenzake walilofanya 1777, na Loji Kuu za wazungu zilizozaliwa kwa njia hiyo hiyo zikawaambia ninyi sio halali, wengine wakirudi kwenye neno la Anderson kwamba aliyewahi kuwa mtumwa "hakuzaliwa huru". Connecticut ilikuwa ya kwanza kuanza kuwatambua kwa namna iliyodumu, mwaka 1989. Uingereza 1994.

Karatasi ya 1784 bado ipo Boston. Mwaka 1869 jengo walimoihifadhi lilishika moto, na mkuu wao wa wakati huo aliingia ndani akaitoa.